Kuchagua lenzi ya bei poa ya infraredi kwa rangefainda ya zamani, hatua kwa hatua

Rangefainda ya zamani (kamera unayofokasi kupitia kidirisha cha pembeni) na picha za infraredi (mwanga wa mawimbi marefu ambao macho hayauoni) zinaelewana kuliko watu wengi wanavyodhani. Filta ya infraredi ni nyeusi tii, ukiifunga kwenye SLR, kamera unayochungulia kupitia lenzi yenyewe, huoni kitu kabisa, inabidi uivue, upange picha, ufokasi, uirudishe, ndo upige, na picha inayofuata unaanza upya. Kwenye rangefainda unachungulia kwenye kidirisha chake pembeni wala sio kupitia lenzi, kwa hiyo filta iwe nyeusi inavyotaka, wewe unaona kama kawaida na unapiga.

Kazi iko kwenye lenzi. Wengi wakianza wanakimbilia lenzi yenye tundu kubwa, f/1.4 au f/1.5 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), kwa sababu wamesikia infraredi inakula mwanga. Hapo hela inaenda bure, mana kwa infraredi utakuwa f/5.6 au f/8 karibu muda wote, na nitaeleza kwa nini. Lenzi unayoitafuta ni pana kidogo, tundu lake dogo tu, vioo vichache ndani, na haikutolei doa jeupe katikati ya picha. Bahati nzuri hizo ndo lenzi ambazo watu hawagombanii.

Hatua ya 1: jua kamera yako inameza lenzi gani

Rangefainda nyingi za zamani zinazobadilisha lenzi ziko kwenye makundi mawili. Kuna za skrubu ya milimita 39, yaani Leica za kabla ya M, Canon za zamani, FED, Zorki. Alafu kuna za bayoneti ya Leica M iliyoanza na M3 mwaka 1954. Lenzi ya skrubu inaingia kwenye kamera ya M kwa adapta nyembamba ya milimita 1 na fokasi inaendelea kufanya kazi vizuri tu. Kinyume chake haiwezekani. Kwa hiyo hata kama kamera yako ni ya M, tafuta lenzi ya skrubu, uchaguzi ni mpana na bei inapumua.

Mtego mmoja upo hapa na ni mbaya. Zenit za mwanzo, ambazo ni SLR, nazo zilikuwa na skrubu ya 39. Lenzi zake zinaingia kwenye FED au Leica bila kelele, zinakaa vizuri, ila umbali wa lenzi mpaka filamu ni tofauti kabisa, milimita 45.2 kwa Zenit na 28.8 kwa Leica, kwa hiyo hakuna picha itakayokaa kwenye fokasi. Muulize muuzaji waziwazi ni ya rangefainda au ya SLR, na mwambie akutumie picha ya nyuma ya lenzi, ile ya rangefainda ina ringi au ulimi wa chuma unaosukuma mkono wa fokasi ndani ya kamera.

Kama kamera yako lenzi yake haitoki, mfano Canonet QL17 au Yashica Electro 35, huna cha kuchagua, unatumia iliyopo. Canonet inafaa kwa sababu inapigika kwa mkono bila otomatiki. Electro 35 mimi nisingehangaika nayo kwa kazi hii, shata inaamua yenyewe, ukitaka kuizuia umebaki na B (shata inabaki wazi ukiwa umebonyeza) na ile ya flashi tu.

Hatua ya 2: filamu au dijitali, amua kwanza

Hii inabadilisha kila kitu kinachofuata. Ukipiga filamu, ile ya kuamini leo ni Rollei Infrared 400, inaona mpaka karibu nanomita 820 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Kodak HIE iliyokuwa inaona mbali zaidi iliacha kutengenezwa 2007, na Efke IR820 ilikwisha pale kiwanda cha Fotokemika kilipofungwa 2012. Ilford SFX 200 ipo, lakini inaishia kama nanomita 740 hivi, kwa hiyo ukiiwekea filta ya 720 unaibakizia kidirisha chembamba sana cha mwanga, bora nyekundu nzito kama 29 au ile ya 695.

Kwa dijitali kuna mbili zinazotajwa kila mara na wana haki ya kuzitaja. Leica M8 ya 2006 ilitoka na kichujio chembamba mno mbele ya sensa, nguo nyeusi za sintetiki zikawa zinatoka zambarau, na Leica wakalazimika kuwapa wateja filta za kukata infraredi bure. Kilichokuwa aibu kwa picha za kawaida ndo utamu kwetu sisi, mana kwenye jua kali M8 inapiga infraredi ukiishika mkononi bila hata kuibadilisha sensa. Epson R-D1 ya 2004 nayo inapenyeza infraredi vizuri. M9 waliikaza, hiyo achana nayo.

Angalizo dogo kwa wa M8: lenzi nyingi zilizotumika na kamera hiyo zinauzwa zikiwa na ile filta ya kukata infraredi mbele. Ukiisahau ukafunga na R72 (filta ya infraredi ya nanomita 720) juu yake, moja inakata kile ambacho nyingine inapitisha, picha inatoka giza na wewe unailaumu lenzi. Ivue.

Tofauti kubwa kwa uchaguzi wa lenzi ni kwamba doa jeupe linasumbua zaidi kwenye dijitali, kwa sababu sensa inang'aa na inarudisha mwanga kwenye kioo cha nyuma. Filamu inasamehe zaidi. Lenzi inayosifiwa na mtu wa filamu isikushangaze ikikukera kwenye M8.

Hatua ya 3: chagua urefu wa lenzi, hapa ndo penye kazi

Nitakaa hapa kidogo, ukielewa hii mengine ni mteremko.

Mwanga wa infraredi haukutani pale mwanga wa kawaida unapokutana, unakutana nyuma kidogo. Kwa hiyo ukishafokasi kwa macho lazima lenzi isogee mbele kidogo, kama vile kitu unachopiga kipo karibu zaidi ya kilivyo. Kanuni ya zamani inasema kusogea huko ni kama sehemu 1 ya 400 ya urefu wa lenzi. Lenzi ya milimita 50 inasogea kama milimita 0.125. Inaonekana ndogo, ila geuza iwe umbali: kitu cha mbali kabisa, mlima au mawingu, kwenye lenzi ya 50 unakipata ukiseti kama mita 20. Lenzi ya 35 ni mita 14, ya 28 mita 11, ya 90 mita 36. Ni makadirio, kila lenzi ina tabia yake, lakini yanakuonyesha unaenda wapi.

Sasa linganisha na kina cha fokasi, yaani eneo la mbele na nyuma linalobaki kali. Lenzi ya 35 kwenye f/8 ukiiseti mita 5, kila kitu kuanzia mita 2 na nusu mpaka mwisho wa macho kiko sawa. Yaani ile hitilafu ya infraredi imemezwa humohumo na ikabaki nafasi. Lenzi ya 28 ndo kabisa, unaiseti mita 3 na kitu unasahau habari ya fokasi. Ya 50 inahitaji mita 10 kwa kina hichohicho, bado inawezekana ila uwe makini kwa vitu vya karibu. Ya 90 inahitaji karibu mita 34, na hitilafu yake ni mita 36, hapo unacheza ukingoni, ukikosea nywele moja picha imelegea.

Kwa hiyo ushauri wangu hauna kona: nunua 35 kama unapiga filamu, au 28 au 25 kama una M8, mana sensa ya M8 ni ndogo kuliko filamu na inakata picha mara 1.33, 28 inakuwa kama 37 hivi. Ya 50 chukua kama tayari unayo au umeipata kwa bei ya kutupa. Ya 85 na 90 ziache mpaka utakapozoea.

Na usifikiri utajiokoa kwa kufunga tundu mpaka f/16. Mwanga wenye mawimbi marefu unatawanyika zaidi ukipita kwenye tundu dogo, f/11 kwenye infraredi inalegeza picha karibu kama f/16 kwenye mwanga wa kawaida. Na doa jeupe linakua kadri unavyofunga. F/8 ndo nyumbani, f/5.6 kama upepo unachezesha majani.

Hapo unaona kwa nini f/1.4 haina maana. Hata lile jina la apo (lenzi iliyosahihishwa ili rangi zikutane sehemu moja) wanalolipia watu hela nyingi linahusu rangi zinazoonekana kwa macho, halikuhakikishii chochote nje ya hapo.

Hatua ya 4: majina ya kuanza kuyatafuta

Jupiter-12, 35 f/2.8, ya Kirusi. Kwa filamu hii naipenda, ni pana, ni nafuu, picha inakuwa kali ukifika f/8. Ina ukorofi mmoja, kioo cha nyuma kimetokeza ndani sana kama pua. Kwenye kamera zenye mkono wa mita ya mwanga unaochomoza nyuma ya lenzi, Leica CL na M5, usijaribu hata siku moja, utavunja mkono. Kwenye kamera nyingine yoyote ingiza taratibu ukitazama kwa pembeni.

Canon 35 f/2.8 ya skrubu. Kioo cha nyuma hakina fujo kama ya Jupiter na ujenzi wake ni wa uhakika. Bei iko juu kidogo ya ya Kirusi.

Voigtländer za Cosina, Color-Skopar 35 f/2.5 na Snapshot-Skopar 25 f/4. Hizi ni za karibuni zaidi, mpya kuliko kamera yako pengine. Ile 25 ya skrubu haijaunganishwa na rangefainda, unakadiria umbali kwa jicho, na kwa sababu hiyo watu wanaikwepa na bei inashuka. Kwa infraredi hilo halikuhusu, si tumeshasema unaseti mita 3 unasahau. Zote mbili filta yake ni milimita 39.

Jupiter-8, 50 f/2, na Industar-61, 55 f/2.8. Hizi ndo rahisi kuliko zote na mara nyingi zinakuja na kamera bure. Industar ina vioo vinne tu, michoro rahisi namna hii huwa haina sehemu nyingi za mwanga kugongana ndani. Kama bajeti ni sifuri anza nayo, usione aibu.

Elmar 50 f/3.5 ya Leica ni nzuri, inakunjika na inaingia mfukoni, lakini tundu linabadilishwa kwa kijiti kilichopo mbele kabisa, ukishabana filta juu yake hukifikii tena. Inabidi uchague f/8 kwanza ndo ufunge filta. Mwenye subira ataiweza.

Hatua ya 5: hesabu filta kabla hujalipa lenzi

Watu wananunua lenzi rahisi alafu wanakuta filta yake ni bei kuliko lenzi yenyewe. Jupiter-8, Jupiter-12 na Industar-61 zinachukua 40.5, Leica nyingi na Voigtländer zinachukua 39, Canon 50 f/1.8 ya skrubu inachukua 40 kamili ambayo ni saizi ya ajabu sana. Filta za infraredi kwenye saizi hizi ndogo ni za kutafutwa. Nunua moja ya 49 au 52, Hoya R72 inatosha kabisa, na ringi za kupanulia za kila lenzi, ringi ni rahisi na filta moja inahudumia zote. Ubaya wake ni kwamba filta pana inaziba kona ya kidirisha chini, hasa kwa lenzi fupi. Unazoea.

Usianze na filta kali kama 87C au RG1000. Filamu za leo haziwezi kuona huko.

Hatua ya 6: ikague lenzi mkononi

Washa tochi ya simu, ipitishe kwa nyuma, wewe tazama kwa mbele tundu likiwa wazi. Mikwaruzo midogo ya usafishaji isikutishe. Unachotafuta ni ukungu, utando wa kijivu unaofunika kioo chote, na fangasi, nyuzi nyeupe kama mizizi. Ukungu unalegeza mwanga wote na kwenye infraredi unaongeza ile weupe ya katikati. Canon za zamani zinajulikana kwa ukungu kwenye kioo kilicho jirani na tundu, mwingine unafutika, mwingine umeshakula kioo.

Funga tundu mpaka f/8 uangalie vile vyuma vyembamba. Vikiwa vimelowa mafuta vinang'aa, na kitu chochote kinachong'aa ndani ya lenzi ni adui hapa. Angalia pia rangi nyeusi ya ndani ya bomba, kama imebanduka chuma kinaonekana, jua hiyo itakupa doa.

Zungusha ringi ya fokasi mwanzo mpaka mwisho. Ikiwa nzito kidogo sio neno, grisi imezeeka. Ikicheza kushoto kulia, rudisha.

Mwisho tafuta alama ya infraredi, kidoti chekundu au herufi R pembeni ya alama kuu ya umbali. Ikiwepo ni vizuri. Isipokuwepo isikuzuie, tutaiweka wenyewe.

Hatua ya 7: jaribu doa jeupe ukiwa bado unaweza kurudisha

Nunua kwa mtu anayekubali kurudishiwa, hili msilichukulie poa, mana hakuna namna ya kuliona doa kwa kuitazama tu lenzi. Hata lenzi mbili za jina moja zinaweza kutofautiana, kotingi (utando mwembamba unaopakwa kwenye vioo) ilibadilika miaka na miaka, na kotingi imetengenezwa kuzuia mng'ao wa mwanga unaoonekana, infraredi haikuwa kwenye hesabu zao.

Kwa dijitali: funga filta, elekeza kwenye ukuta wenye rangi moja uliopigwa na jua au anga tupu, jua likiwa mgongoni kwako. Piga f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16, ukibadilisha spidi ili mwangaza ubaki uleule. Kwenye kompyuta zifanye nyeusi na nyeupe, vuta kontrasti mpaka mwisho, zipange pamoja. Kama kuna mduara mweupe katikati unaoanza kuonekana f/8 na kukaza f/16, umelipata doa. Likianza f/16 peke yake lenzi ni nzima, hutafika huko. Likionekana f/5.6, rudisha leoleo.

Kwa filamu fanya hivyohivyo mwanzoni mwa roli ya kwanza, picha tano tu, zilizobaki piga vitu vyako. Kama una rafiki mwenye kamera ya dijitali isiyo na kioo (mirrorless) iliyobadilishwa sensa ikawa ya infraredi, azima kwa nusu saa, na kumbuka sensa ni kali kuliko filamu, ikifaulu huko kwenye filamu itafaulu tu.

Hatua ya 8: weka alama yako na piga roli ya kwanza

Lenzi isiyo na alama ya R ina ile skeli ya kina cha fokasi, namba za f zilizojipanga pande mbili za alama kuu. Kwa lenzi ya 50 alama ya infraredi inaangukia karibu na f/4, kwa 35 karibu na f/2.8. Upande ni ule ambao alama ya mbali kabisa inaelekea unapozungusha kuja karibu. Weka kidoti cha rangi ya kucha hapo, kidogo kabisa, alafu tumia hivi: fokasi kwa rangefainda kama kawaida, soma umbali, mfano mita 5, zungusha mpaka hiyo 5 ikae kwenye kidoti. Usichungulie tena rangefainda kuhakikisha, itakuonyesha picha mbili zimeachana na utashawishika kurekebisha, na ukirekebisha umerudi mwanzo.

Mita ya mwanga iliyo ndani ya kamera iache, haijui infraredi. Kwa Rollei Infrared na R72 kwenye jua la wazi anza kama vile filamu ni ISO 6, inakupa f/8 kwa 1/25 ya sekunde. Kisha piga stopu moja juu (mwanga maradufu) na moja chini (nusu yake). Majani mabichi yanarudisha infraredi kwa wingi ndo mana yanatoka meupe kama theluji, kwa hiyo uwanja wenye miti mingi unahitaji kidogo kuliko ukuta wa mawe. Asubuhi sana na jioni sana namba hizi hazina kazi, ongeza.

Filamu yenyewe ifungue na kuiweka kwenye kamera gizani au angalau chini ya koti, mana plastiki yake inapitisha mwanga kwa ndani kama bomba na picha za mwanzo zinaungua. Na kama kamera yako ina shata ya kitambaa, iangalie na tochi chumba kikiwa kimezimwa taa, lenzi ikiwa imevuliwa. Kitundu cha sindano tu kinatosha kuharibu roli, hasa unapotembea juani lenzi ikiwa haina kifuniko.